Matao Kumi na Manne ya Mtu Anayeitwa Mpaka Rangi

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Telesfori Habonimana anastaafu, akiwa amekitumikia Kituo cha Ufundi na Sanaa Murutabo kwa miaka thelathini na mitano kasoro siku moja. Aliripoti kazini Jumatatu ya tarehe 2 Julai 1990, umri wake miaka ishirini na mitano. Katika muda huo wote ameugua hadi kulazwa mara mbili, amechelewa mara moja, na amefundisha wanafunzi 412. Hiyo idadi ya wanafunzi nimeihesabu mwenyewe kwenye madaftari ya mahudhurio, daftari moja baada ya jingine, kwa sababu ofisini walipoulizwa walisema hawanayo.

Niliombwa niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha, utoke katika jarida la Juni kabla ya sherehe ya kumuaga siku ya Ijumaa tarehe 27. Utazidi ukurasa mmoja. Uchangamfu nitauweka pale ulipo.

Kwa wasomaji wasiotufahamu: kituo chetu kiko juu ya kilima, ukiacha barabara kuu baada ya gulio la Nyakahura. Jengo lake kubwa tunaliita Nyumba Ndefu. Lilijengwa na wamisionari zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lote kwa mawe ya kuchonga, na upande wa mbele lina baraza yenye matao kumi na manne. Mwaka 1990 kituo kilitarajia wageni, na mkuu wa wakati huo akataka jengo liwe jeupe. Likabandikwa tangazo pale sokoni: mpaka rangi anahitajika haraka. Aliyejitokeza ni Telesfori, kijana wa kijiji cha Kirushya, mtoto wa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Akapewa madebe ya chokaa, brashi mbili na ngazi.

Alipaka tao la kwanza siku ya kwanza. Akapaka la pili siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi akaweka brashi chini, akanawa mikono, akaenda ofisini.

“Shikamoo, Mkuu. Naomba nisiendelee.”

“Marahaba. Umechoka?”

“Sijachoka. Ninaharibu.”

“Unaharibu nini, si mawe yale?”

“Ndiyo, Mkuu, ni mawe. Yangekuwa matofali nisingekuja kukusumbua.”

Mkuu yule, ambaye sasa ni marehemu, alitoka nje akasimama mbele ya Nyumba Ndefu. Ilikuwa saa tatu hivi, jua linaingia kwa ubavu chini ya matao, na kila jiwe lina upande wake wa mwanga na upande wake wa giza. Kisha akatazama matao mawili yaliyopakwa. Yalikuwa kama meno ya bandia. Akaamuru madebe yarudi stoo. Mkuu wa kituo aliyeshauriwa na kibarua wa siku tatu, akatoka kwenda kuangalia kwa macho yake kabla ya kujibu: tumekuwa na wakuu watano tangu nianze kazi hapa, na sijamwona mwingine wa namna hiyo.

Telesfori hakufukuzwa. Alibakizwa apake milango, madawati na mbao za kuandikia. Lakini jalada lake lilikuwa limeshafunguliwa, na kwenye mstari wa cheo karani alikuwa ameshaandika maneno mawili: MPAKA RANGI. Makala haya yote ni juu ya maneno hayo mawili.

Mimi niliingia karakana ya useremala mwaka 1993, nikamkuta na desturi yake. Kila asubuhi ya kiangazi, kabla ya kuanza kazi aliyoajiriwa, alikaa mbele ya Nyumba Ndefu na kipande cha plaiwudi magotini. Vipande alivipata kwetu, mabaki ya vitanda vya bweni. Alikaa juu ya kigoda kilekile, hatua ishirini na tatu kutoka nguzo ya kwanza, na pale alipokiweka alilaza jiwe bapa ili miguu ya kigoda isizame. Akikaa, jicho lake lilikuwa sentimita 112 kutoka chini. Nilipomuuliza kwa nini hahami hata hatua mbili, alinijibu: “Wewe Shilinde, ukipima mbao huku unatembea, utapata kabati?”

Juu ya ile plaiwudi alipigilia msumari mmoja mdogo, mahali ambapo baraza yote ingekwenda kupotelea. Kwenye msumari akafunga uzi. Kila kozi, yaani kila safu ya mawe, kila ukingo wa tao, kila mstari wa sakafu, aliuvutia uzi kutoka kwenye msumari na kuupiga kwa unga wa mkaa, kama sisi tunavyopiga mstari kwenye gogo. Kozi zilizo juu ya jicho zinashuka kuelekea msumarini, zilizo chini ya jicho zinapanda, na ile iliyo sawa na jicho haipandi wala haishuki. Mambo hayo hakuyasomea popote. Aliyatambua kwa kukaa na kutazama, akaja kututazama nasi tukipiga mistari, akayaunganisha. Wanafunzi walipoanza kumjia walimwita Mwalimu Msumari, na jina hilo limemganda.

Ndiyo, wanafunzi. Mwaka 1995 mkuu aliona picha sita zikiwa zimeegemezwa ukutani kwetu zikikauka, akamwambia afundishe kila Alhamisi. Muhula uliofuata zikawa siku tatu, na mwaka 1997 zikawa siku zote tano. Barua ya kubadilishiwa cheo aliambiwa itafuata. Ilikuwa Agosti. Bado inafuata.

Niseme kidogo jinsi alivyofundisha, maana wengi wenu mmepita mbele ya picha zake kila siku mkienda kunywa chai na hamjawahi kusimama.

Alifundisha kwamba mwanga wa kuchora jiwe una muda wake: saa mbili na nusu hadi saa tatu na robo. Saa sita jua liko utosini na jiwe linakuwa bapa kama chapati. Dakika arobaini na tano kwa siku, basi, na bado katika dakika hizo jua linasogea nyuzi kumi na moja. Kwa hiyo alichora vivuli vyote kwanza, dakika kumi za mwanzo, akavifunga, na asiviguse tena hata vikihama. Mwanafunzi aliyekuwa akikimbizana na kivuli aliambiwa naye: “Acha hicho, hicho ni cha saa tatu. Wewe picha yako ni ya saa mbili na nusu. Utapata nyumba yenye majua mawili.” Picha moja ilimchukua asubuhi kumi na tisa.

Rangi nyeusi aliikataza kabisa. Alimpeleka mwanafunzi ndani ya baraza, akamwambia aweke karatasi nyeupe kwenye kivuli na aangalie. Chini karibu na sakafu kivuli ni chekundu, kwa sababu udongo wetu unarudisha mwanga wake juu. Katikati ni kama zambarau. Juu kwenye mgongo wa tao kina ubuluu wa mbingu. “Kivuri nacho kina majirani,” alikuwa akisema, kwa matamshi yake ya nyumbani. “Kinaazima kwao.”

Na jiwe lenyewe alilitengeneza kwa mikono. Alichekecha mchanga kwa kipande cha chandarua, akauchanganya na gundi ya mbao na vumbi la msasa kutoka mashine yetu, akaupaka kwa kisu cha mezani pale tu ambapo jua linapiga. Kwenye kivuli aliacha rangi iwe nyembamba na laini. Mkono ukipita juu ya picha unakwaruza, unateleza, unakwaruza tena. Pia hakuchora mawe yote. Kwenye kila mawe saba alilikamilisha moja, kona zake, nyufa zake, kovu la patasi. Sita yaliyobaki aliyagusa tu. Alisema ukimwonyesha mtu jiwe moja la kweli, mengine atayajaza mwenyewe, ukimwonyesha yote saba atachoka na ataona ni sakafu ya bafu. Nimehesabu kwenye picha nne tofauti. Moja kwa saba, kweli.

Sasa kichekesho, kwa kuwa niliahidi. Mwaka 1997 aliandika barua kwa mkono wake kuomba vifaa vya darasa. Kirundi, lugha ya mama yake, kinaita kalamu “ikaramu”, na yeye akaandika alivyozoea: naomba karamu kumi na mbili za mkaa kwa ajili ya wanafunzi. Barua ikapita kwa Modestus, ambaye wakati huo alikuwa karani na sasa ni Ofisa Utumishi wetu, akaipiga chapa vilevile bila kuuliza. Ikarudi na maandishi ya mkuu pembeni: “Karamu za mkaa maana yake nyama choma. Kumi na mbili kwa muhula mmoja ni nyingi mno. Imekataliwa.” Tulicheka karakana nzima mpaka mtu mmoja akaacha randa ianguke. Telesfori naye alicheka, akaenda kukata vijiti vya mibuni, akavipanga ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akalifunika na kulichoma. Zikatoka kalamu safi za mkaa. Hajaomba vifaa tena tangu siku hiyo, na kituo hakijawahi kumuuliza anavipata wapi.

Alichora Nyumba Ndefu mara sitini na moja. Alichora pia boma la Wajerumani pale Biharamulo mara nne, akienda kwa baiskeli siku za mapumziko, lakini mwenyewe alisema boma halikumkubali kama matao yalivyomkubali.

Mwaka 2006 alipeleka picha moja ya matao kwenye maonyesho ya wachoraji. Ilirudi na karatasi ya jaji. Mwanga, alama nzuri. Mawe, alama nzuri sana. Kisha: “Umbali umekosewa. Matao yanapungua haraka mno kuelekea mwisho. Mchoraji ajifunze vipimo.” Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwetu. Akaazima futikamba yangu, akaenda kwenye baraza, akarudi baada ya nusu saa. Tao la kwanza lina upana wa sentimita 240. La pili 237. La tatu 234. Mpaka la nane alilopima, kila tao limepungua sentimita tatu kwa lililotangulia. Waashi wa zamani walifanya makusudi, ili mtu akisimama mlangoni jengo lionekane refu kuliko lilivyo. Watu mia na zaidi tulikuwa tunapita chini ya matao hayo kila siku, na mafundi tulikuwemo, hakuna aliyeona. Yeye aliona kwa jicho tupu akachora alichoona, na akaambiwa amekosea. Aliandika vipimo vile nane nyuma ya picha kwa penseli. Kwa jaji hakuandika chochote.

Aprili 2018 mvua zilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, upande wa mashariki wa baraza uliporomoka. Matao sita, la tisa mpaka la kumi na nne, yakawa lundo. Hakuumia mtu, tunamshukuru Mungu. Wakati wa kujenga upya ulipofika ndipo ikabainika kwamba kituo hakina ramani ya jengo lake lenyewe. Picha za kamera zilikuwepo, nyingi, na kwenye zote watu wamesimama mbele ya matao wakitabasamu.

Akaletwa mhandisi. Alipima tao la kwanza, sentimita 240, akazidisha kwa sita. Akanipa mimi kazi ya boksi sita za mbao za nusu duara, zile zinazobeba mawe mpaka tao lifunge. Nami, ambaye najisifu kwa kupima mara mbili kabla ya kukata, nilikata tatu bila kwenda kupima hata mara moja. Nalisema hapa kwa sababu lazima lisemwe na aliyelifanya.

Telesfori alipita mlangoni, akaona boksi tatu zimesimama ukutani.

“Hizi za nani?”

“Za matao yako, Mzee.”

“Yangu hayako hivi. Hizi ni pacha.”

“Mhandisi kasema yote sawa.”

“Mhandisi kayaona lini? Yale si mapacha, Shilinde. Ni ndugu wa tumbo moja, kila mtu na kimo chake.”

Akarudi na picha ya mwaka 2003, akaiweka juu ya meza ya kazi. Tulishinda nayo siku mbili. Tulijua kigoda kilikuwa hatua ngapi kutoka nguzo ya kwanza, tulijua jicho lilikuwa sentimita 112, na tulikuwa na matao manane yaliyosimama ya kulinganisha. Nilipiga hesabu kutoka kwenye picha, tao moja moja. Kwa la kumi na nne nilipata sentimita 202. Nilipompelekea mhandisi aliniuliza kama tunataka ajenge kwa kufuata mchoro wa mapambo. Nikamwambia asubiri kifusi kiondolewe.

Kifusi kiliondolewa baada ya wiki mbili. Misingi ya nguzo ilikuwepo chini yake, haijasogea. Tulinyoosha futikamba mbele ya watu kumi na wawili kwenye sehemu ya tao la kumi na nne: sentimita 201. Mtu amekaa hatua ishirini na tatu mbali, ana brashi na msumari, na kosa lake kwenye tao la mbali kuliko yote ni sentimita moja. Tungefuata zile 240, tungezidisha jumla ya sentimita 189 na tao la mwisho lingeishia kwenye mtaro. Mhandisi akaomba picha nyingine, maana sasa alitaka kujua kozi ngapi za mawe na jiwe la kilele lilikaaje. Telesfori alimletea tisa. Kila walichokihitaji kilikuwemo. Boksi zangu tatu nilizichana nikatengeneza viti vya darasa la awali.

Baraza ilizinduliwa mwaka 2021. Ukutani pana bamba lenye majina tisa. Wawili kati ya hao sijawahi kuwaona juu ya kilima hiki. Jina la Telesfori Habonimana halimo. Katika ripoti ya ujenzi, ukurasa wa 14, imeandikwa hivi: “Vipimo vilipatikana kutokana na picha zilizokuwepo.” Zilizokuwepo. Kama uyoga.

Nilipouliza, jibu lilikuwa la utaratibu. Kwa mujibu wa jalada, huyu ni mpaka rangi. Ripoti ya kitaalamu haiwezi kumtaja mpaka rangi kuwa chanzo cha vipimo.

Ameomba mara tatu maneno hayo yabadilishwe yasomeke mchoraji, au mwalimu wa kuchora, lolote kati ya hayo. Mwaka 1999 alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Mwaka 2008 alikwenda mwenyewe mpaka kwenye dirisha la Modestus, na Modestus, ambaye anapenda utani, akamwambia: “Mzee, wewe ni mpaka. Mpaka hauhamishwi hivihivi, mpaka serikali mbili zikae.”

Telesfori akamjibu bila kupandisha sauti: “Mpaka niliuvuka mwaka sabini na mbili, nina miaka saba, nimeshika nguo ya mama. Ule ulipitika. Wako ndiyo mgumu.”

Mwaka 2022 aliomba mara ya tatu. Iliundwa kamati ya watu watano, ikakaa mara mbili, ikaamua kwamba hawezi kuitwa mchoraji bila cheti cha chuo cha sanaa. Wawili kati ya wale watano alikuwa amewafundisha yeye kushika brashi. Mmoja wao ni Adelfina, ambaye kuanzia Julai anachukua darasa lake kwa cheo cha Mkufunzi wa Sanaa. Sina ugomvi na Adelfina. Alipinga uamuzi ule, akashindwa kura nne kwa moja, na alipotoka alikwenda moja kwa moja darasani kwa mwalimu wake akamwamkia. Telesfori alimpa brashi, akamwambia kuna madirisha ya ofisi yanasubiri kupakwa na yeye ana kipindi, amsaidie lipi kati ya mawili. Adelfina alichagua madirisha.

Tufike mwezi huu. Jumatano ya tarehe 4 Juni cheti cha kustaafu kililetwa karakana ili nikitengenezee fremu, sentimita 30 kwa 42, mbao ya mninga. Nikakisoma, kwa kuwa siwezi kutia fremu kitu nisichokiangalia. Jina ni sahihi. Miaka ni sahihi. Chini yake: “kwa utumishi wake uliotukuka akiwa Mpaka Rangi, Daraja la Pili.”

Nilikwenda kwa Modestus nacho mkononi. Alisema ameandika kilichopo kwenye jalada. Nyuma ya kiti chake, ukutani, imetundikwa Nyumba Ndefu ya mwaka 2011, matao yote kumi na manne, jua la saa mbili na nusu. Nikamuuliza, na kilichopo nyuma yako? Akageuka, akatazama kwa muda, akanirudia.

“Hiyo ni picha,” akasema.

Nikampelekea Telesfori habari hiyo mimi mwenyewe, ili asije akaisikia mbele ya watu. Alikuwa anaosha brashi. Aliniuliza kama wamepatia jina.

“Wamepatia.”

“Habonimana, na H mwanzoni?”

“Na H.”

“Basi nusu wameipata,” akasema, na akaendelea kuosha.

Yaliyobaki niliyapata kwa mkewe, Mama Kanyange, Jumapili iliyofuata, alipokuja kuchukua vitu vyao kuvipeleka Kirushya. Alitaka niongee na mumewe. “Suti amepiga pasi, viatu amepiga rangi, atakuja vizuri tu,” alisema. “Lakini amesema wakiita mpaka rangi, hasimami. Atabaki amekaa. Anasema labda wanamwita mwingine. Sasa mwanetu Clarisse anatoka Mwanza na watoto watatu wamwone babu yao akipewa cheti. Nitawaambia nini, babu amegoma? Shilinde, mwambie asimame tu. Ni maneno mawili.”

Nilimwambia nitaongea naye. Sijaongea. Nimejaribu kutafuta sababu ya kumwambia mtu huyu asimame kwa maneno hayo, nimepiga hesabu kila upande, na sijaipata. Wajukuu wakimwona amekaa watauliza kwa nini, na jibu litakuwa la kweli. Wakimwona amesimama hawatauliza.

Kwa hiyo naandika mambo ya kutendeka. Fremu imekamilika. Kioo kimewekwa. Nyuma sikutia gundi, nimefunga kwa skrubu nne, na kuzifungua ni dakika mbili. Mashine ya Modestus inatoa ukurasa kwa chini ya dakika moja. Jarida hili linatoka Jumatatu tarehe 16, na kutoka hapo mpaka sherehe kuna siku tisa za kazi. Maneno mawili yanaondoka, linaingia moja: Mchoraji. Hata nafasi kwenye karatasi itabaki. Mkuu wa Kituo anaweza kuamua hilo akiwa amesimama, na akitaka kujiridhisha kwanza, matao yako hatua arobaini kutoka ofisini kwake na yanaonekana vizuri asubuhi.

Mzee Telesfori, kwa niaba ya watumishi wenzako nakushukuru. Umefundisha watu 412 kutazama kabla ya kugusa. Uliokoa mawe siku ya tatu ya kazi yako, na miaka ishirini na minane baadaye ukayaokoa tena, na mara zote mbili hukutuma mtu, ulikuja mwenyewe. Umetuvumilia. Tunakuombea afya na macho mazuri, migomba yenye mikungu mizito pale Kirushya, na Mama Kanyange asichoke kukugombeza.

Siku ya Ijumaa watu wa karakana tuko kumi na mmoja, na tumeomba safu ya pili, nyuma yako. Jina lako litakaposomwa tutatega sikio tusikie linafuatwa na nini. Ukisimama, tutasimama na kupiga makofi mpaka viganja viume. Ukikaa, tutakaa. Vyovyote vile, mchoraji wetu, kaa salama.

Gervas Shilinde
Karakana ya Useremala